Mnunuzi Ajuaye Zaidi Adaiwa Nini?

Juu ya muuzaji mwenye hila yamesemwa mengi, na watu wote wamfahamu. Ni yule apakaye rangi juu ya kutu, atiaye mafuta mazito katika injini ili mlio wake usisikike, asemaye ng'ombe ni mtamba hali meno yake yamekwisha. Lakini yuko mtu mwingine ambaye kwa kawaida hatumtaji, labda kwa sababu wengi wetu tumekuwa yeye siku moja au nyingine. Huyo ni mnunuzi ajuaye wema wa kitu kuliko mwenye kitu mwenyewe, naye hunyamaza, hutoa bei ndogo, huchukua, huenda zake. Leo twapenda kumtazama mtu huyu, wala hatutamtafuta mbali, maana tulipata kuwa yeye.

Ilikuwa huko Malambo, kata iliyo katika wilaya ya Ngorongoro, nchi kavu ya Wamasai, ambako mlima Ol Doinyo Lengai hauko mbali na vumbi halijui msimu wa kupumzika. Tulikuwa wageni, tukingoja gari la kurudi Arusha, nalo siku ile halikuja. Katika kutembea-tembea tuliona nyuma ya nyumba ya mama mmoja mzee cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, imesimama chini ya mti, na mbuzi wakijikuna kwenye miguu yake ya chuma. Mkanda haukuwapo. Rangi nyeusi ilikuwa imebabuka, na maandishi yake ya dhahabu yalibaki nusu. Gurudumu lilikuwa halizunguki.

Tulimwamkia mwenyeji wetu, “Yeyo, takwenya,” naye akaitika, “Iko,” kisha mjukuu wake akawa mkalimani wa mazungumzo yaliyobaki. Mume wake marehemu ndiye aliyeinunua cherehani hiyo Arusha, zamani, ilipokuwa tayari imekwisha kutumiwa na wengine. Mama akaishonea shuka na sare za watoto wa shule kwa miaka mingi. Halafu ikaanza kuwa nzito. Wakaitia mafuta, ikawa nyepesi kwa siku chache, kisha ikazidi kuwa nzito. Wakatia mengine, na mwishowe ikasimama kabisa. Kijana mmoja anunuaye vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuahidi kurudi kuichukua kwa kilo. Mama alitueleza haya yote bila kuulizwa, tena akatuonyesha mahali ambapo ubao wa meza ulikuwa umeliwa na mchwa. Kila ubaya alioujua alitutajia.

Sisi tulishika gurudumu, tukalisukuma kwa kiganja. Hapo ndipo jambo letu lilipoanza. Cherehani iliyovunjika ndani hugeuka kwa ulegevu, au hugonga. Iliyoshikwa na kutu haigeuki hata kidogo; ni sawa na kusukuma ukuta. Hii haikuwa hivyo. Ilisogea upana wa ukucha, polepole, kama mwiko katika ugali unaopoa, kisha ikarudi. Tukainama, tukanusa matundu ya kutilia mafuta, na harufu tuliyoipata ilikuwa ya jikoni: mafuta ya kupikia yaliyochacha. Mtu yeyote aliyepata kukaa na mafundi wa cherehani ajua maana yake. Mafuta ya alizeti na mengine ya mimea, yakikaa katika hewa, hukauka na kuwa kama gundi, na vumbi likichanganyika nayo huwa kama lami. Cherehani ile haikuwa imekufa. Ilikuwa imegandishwa na dawa iliyotiwa ili kuiponya.

Hayo tuliyajua. Si kwa hakika kamili, lakini kwa kiasi cha kutosha kuufanya moyo upige haraka. Nasi hatukusema neno. Tulitoa shilingi 15,000, ambazo zilizidi kidogo bei ya yule kijana wa vyuma chakavu, tukajiona wakarimu.

Kazi ya kuifufua haikuwa ya ajabu, ila ilidai uvumilivu, na twaieleza kwa sababu hesabu yetu ya baadaye yaitegemea. Kwanza tuliitoa sindano, tukainua mguu wa kukandamizia kitambaa, tukalegeza kifungo kilicho katikati ya gurudumu ili sehemu moja isiilazimishe nyingine. Halafu tulidondoshea mafuta ya taa katika kila tundu, tukaiacha juani ipate joto, maana gundi ya namna ile hulainika kwa joto. Kosa la wengi ni kulazimisha. Mtu hushika gurudumu kwa mikono miwili akalizungusha kwa nguvu, na chuma kilichovumilia miaka 60 chavunjika kwa dakika moja. Sisi tulikuwa tukilitikisa kidogo mbele na nyuma, asubuhi na jioni, tukifuta uchafu mweusi uliotoka, tukidondoshea tena. Siku ya tatu gurudumu likakamilisha mzunguko mmoja. Tulisahau chakula siku hiyo.

Namba iliyopigwa katika kitako chake ilianza kwa herufi E ikifuatwa na herufi nyingine, nazo ni namba zilizotumiwa kuanzia miaka ya 1930 katika kiwanda kikubwa cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Basi kiwanda kimekwisha kutoweka, lakini kazi yake ingali ikiweza kushona. Chini ya bamba la sindano, katikati ya meno yanayosogeza kitambaa, tulikuta vumbi la nyuzi limekandamana kama kipande cha blanketi. Nyuzi nyekundu za shuka, na za buluu za sare za shule. Tulipolitoa kwa ncha ya pini tuliona tunashika miaka ya kazi ya mtu. Mkanda tulikatiwa na mzee mmoja kutoka ngozi ya ng'ombe, naye aliukata kwa kisu, kwa jicho tu, bila kipimo, ukawa sawa. Tulipoifunga tena, uzi ulikatika kila mara, na tulipoteza nusu siku tukichezea kikaza uzi kabla ya kugundua kwamba sindano tuliiweka sisi wenyewe ubavu wake bapa ukiwa upande usiofaa. Basi ikashona. Mshono ulikuwa mwembamba, ulionyooka, sawa juu na chini.

Tulipoipeleka mjini, mafundi wawili waliitazama kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili walitaja bei ile ile: shilingi 150,000.

Tungalifurahi. Lakini tangu siku hiyo tulianza kumkumbuka yule mama akituonyesha ubao ulioliwa na mchwa.

Rafiki mmoja tuliyemsimulia alitucheka. Alisema: mlinunua kitu kilichokufa, mkakitia uhai, na uhai huo ni wa jasho lenu, tofauti yote ya bei ni mshahara wenu. Neno hili lina nguvu, nasi hatukulijibu siku ile. Tulilijibu mioyoni mwetu baadaye, tulipokumbuka historia ya meli moja ya nchi yetu.

Meli iitwayo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa huko, na mwaka 1915 ikaelea katika Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Julai mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, isije ikaangukia mikononi mwa adui zao. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, baada ya miaka minane, injini zilikutwa zafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza tena kubeba watu na mizigo, ikaendelea hivyo kwa miongo mingi.

Sasa twauliza: ni nani aliyeipa Liemba uhai wake wa pili? Ni yule aliyeiinua? Ndiyo, maana bila yeye ingalikuwa matope. Lakini si yeye peke yake. Sehemu ya uhai huo ilikuwa tayari imo ndani yake, imewekwa na mikono mingine, ikilala chini ya maji. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kibovu kinachoweza kufufuliwa. Bei yake baada ya kufufuliwa ina sehemu mbili: kile alichokitia fundi, na kile kilichokuwa kimelala. Cha kwanza ni halali ya fundi, na asiwepo wa kumnyima. Lakini cha pili kilikuwa mali ya nani siku ya mauzo? Hapo rafiki yetu hakutupa jibu.

Swali hili ni la kale sana. Cicero, mwanasheria wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake juu ya wajibu wa watu. Anasimulia mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akafika Rode wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rode, na bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walibishana juu ya jambo hilo. Diogenes wa Babeli alisema kutosema si sawa na kuficha, na sheria yamdai muuzaji kutaja kasoro za bidhaa yake tu. Mwanafunzi wake Antipater alikataa. Kwake yeye watu wote ni jamii moja, na haifai kuwaficha wenzako jambo linalowahusu. Cicero alimwunga mkono Antipater.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliupokea mfano huo huo wa nafaka, wala hakuwa mkali kama Cicero. Alisema mfanyabiashara yule, kwa haki tupu, halazimiki kusema habari za meli zijazo, ingawa angalisema angalikuwa mwema zaidi. Wasomaji wasifurahi upesi, maana mahali pale pale alitaja jambo jingine lililotugusa sana. Alisema kama muuzaji kwa kutojua ameuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua kwamba ni dhahabu, mnunuzi amenunua bila haki, naye alazimika kurudisha.

Kwa nini nafaka isamehewe na dhahabu isisamehewe? Tulilifikiri neno hili kwa muda, na hivi ndivyo tuonavyo sisi. Habari ya meli zijazo ni habari ya kesho, na kesho yaweza kubadilika. Nafaka iliyomo kapuni ni nafaka ile ile, hakuna aliyekosea juu ya kitu chenyewe. Lakini dhahabu ni dhahabu leo, mkononi mwa anayeiuza. Yeye akosa juu ya kitu anachokitoa, na sisi twaliona kosa lake, twalichuma. Basi cherehani ya Malambo ilikuwa nafaka au ilikuwa dhahabu? Tulitamani sana kusema ni nafaka. Tulijiambia kwamba hatukuwa na hakika, kwamba pengine ndani mngalikutwa ekseli iliyokatika. Lakini mtu asiye na hakika hupiga moyo konde na kuuliza, au hutaja shaka yake. Sisi tuliinuka kutoka kunusa matundu ya mafuta tukiwa na nyuso za watu wasionusa kitu.

Pengine mtu atasema: mkiwalazimisha wanunuzi kusema kila wanachokijua, hakuna atakayejifunza ufundi, kwa kuwa ujuzi ndio shamba la fundi. Tena atasema bei za vitu hupanda na kushuka, na hakuna awezaye kudaiwa kwa mabadiliko ya dunia. La pili twalikubali, na mfano wake ni mzuri. Huko Marekani palikuwa na mashine ya mchezo iliyopendwa sana: sanduku lenye miguu minne na kioo juu, ambamo gololi ya chuma hurushwa kwa springi ikagonga vigingi na kengele, na mchezaji huizuia isianguke kwa vipande viwili mfano wa vidole. Mwaka 1942 mji wa New York uliipiga marufuku, kwa kuihesabu kamari, na Meya La Guardia alipigwa picha akizivunja mashine hizo kwa nyundo. Marufuku ile haikuondolewa hata mwaka 1976. Siku hizi wapo watu wanaozitafuta mashine hizo mbovu katika maghala na vyumba vya chini ya nyumba, wakazinunua zikiwa bubu, wakazifufua kwa miezi. Mara nyingi ugonjwa wake si mkubwa: vigusio vya umeme vilivyoshika weusi, na grisi ya zamani iliyoganda katika magurudumu ya kuhesabia alama. Ni ndugu wa cherehani yetu kabisa.

Yule aliyeuza mashine ya namna hiyo miaka ya 1950 kwa bei ya kuni hakudhulumiwa na mtu. Hakuna aliyejua kwamba wajukuu watazitamani. Mnunuzi naye alikuwa kipofu kama muuzaji, na kati ya vipofu wawili hakuna mwizi. Lakini atakayeingia leo katika ghala la mjane, akijua bei ya sasa, akijua pia kwamba kasoro ni grisi tu, akamwambia mjane kwamba anaichukua ili kumpunguzia takataka, huyo hana budi kujibu swali lile lile tunalojiuliza sisi.

Juu ya ujuzi wa fundi, twasema hivi. Ujuzi una mshahara wake, tena mshahara mkubwa, na wengi huwapunja mafundi wakidai kwamba “umegusa kidogo tu”. Mwenye kujua pa kugusa alipwe kwa kujua. Lakini huo ni mshahara wa kazi, wenye bei ambayo mafundi wenyewe huitaja mbele ya mteja. Faida tuliyoipata Malambo haikuwa ya namna hiyo. Tuliipata kabla ya kushika bisibisi, kwa kunyamaza, na kunyamaza hakuhitaji ufundi wowote.

Basi tukafanya hesabu. Tuliandika bei tuliyolipa, 15,000. Nauli ya kuisafirisha juu ya gari, 20,000. Sindano, bobini mbili, mafuta safi ya cherehani na mafuta ya taa, pamoja na bakshishi ya mzee wa mkanda, 12,000. Kazi yetu tulimwuliza fundi mmoja angetoza kiasi gani kwa kufungua na kusafisha cherehani iliyoganda namna hiyo, akasema 30,000. Tukaziandika, ingawa yeye angalimaliza kwa siku moja na sisi tulitumia siku nne, wala hangaliiweka sindano vibaya. Jumla 77,000. Katika 150,000 zilibaki 73,000. Hizo ndizo zilizokuwa zimelala ndani ya cherehani chini ya mti, nazo hazikuwa zetu. Tulikiri kwamba hesabu ilitukera. Ilikuwa rahisi zaidi kulitazama jambo hili katika vitabu vya Warumi.

Gari la Malambo lilipopatikana tena tulikwenda. Tulimwamkia mama, tukaketi, tukanywa chai, na mjukuu akawa mkalimani kama kwanza, ila safari hii alikuwa akitutazama kwa mashaka. Tulisema kwamba siku ile tulijua. Tulieleza kwamba haikuwa imekufa, kwamba mafuta yaliyotiwa yaligeuka gundi. Mama aliuliza ni mafuta gani. Tukasema ni ya kupikia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba ni yeye aliyeyatia, na kwamba marehemu mumewe alimkataza, akadhani anayaonea choyo. Tukaziweka zile 73,000 mbele yake, tukamweleza hesabu moja baada ya moja. Alizihesabu mara mbili.

Halafu akauliza kama cherehani tungali nayo. Tukasema tunayo. Akauliza kama yashona kweli. Tukamwonyesha kitambaa tulichokijaribia, naye akaufuata mshono kwa ukucha, mwanzo hadi mwisho, akaugeuza upande wa chini. Kisha alizisukuma fedha zote zikarudi kwetu, akamtuma mjukuu zizini, na kijana akarudi akimvuta beberu mmoja mweupe. Mama akasema: fedha zile, na mbuzi huyu kwa zile 77,000 zetu, na cherehani irudi mahali pake. Tulimtazama yule beberu. Alikuwa mkubwa, na tulikuwa tumepita mnadani asubuhi ile ile. Tukaona hatuwezi kunyamaza mara ya pili. Tukamwambia kwamba mnyama huyu azidi deni lake, kwamba sokoni angempatia zaidi ya hapo.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho, akamwambia mjukuu wake maneno ambayo kijana alisita kuyatafsiri. Tulipomsihi alisema: anasema bei ya mbuzi anaijua.